Ile Meza ya Mbele Nani Kailipia?

Leo nataka tuzungumzie meza. Nina maana ile meza unayokutana nayo hatua tatu tu baada ya kuingia kwenye duka kubwa la vitabu kule Uingereza au Marekani. Vitabu vimepangwa mafungu mafungu, majalada yanakutazama usoni, na juu yake kuna kibao: "Tunapendekeza", au "Vitabu vya Mwezi", au maneno ya namna hiyo. Wengi waliopita kwenye maduka hayo, kimasomo, kikazi au kwa kuzubaa tu wakisubiri ndege, wanaamini kwamba kuna mtu wa dukani, msomaji mwenzao, aliyekaa chini akasoma, akapima, kisha akasema hiki kiwekwe mbele.

Kwa miaka mingi, kwa sehemu kubwa ya meza hizo, haikuwa hivyo. Meza ilikuwa imeuzwa. Aliyekiweka kitabu pale ni mchapishaji, na alikiweka kwa hela yake.

Watu wa biashara ya vitabu watasema hiyo sio habari, wanaijua tangu zamani. Sawa. Lakini mnunuzi aliyesimama mbele ya meza hajui, na hakuna aliyejisumbua kumwambia. Hapo ndipo penye ugomvi wangu na hawa jamaa.

Kwanza nieleze biashara yenyewe inavyokwenda, maana bila hivyo utadhani nazungumzia rushwa ya vichochoroni. Hapana. Kila kitu kina ankara na sahihi. Marekani fungu hili la pesa huitwa matangazo ya ushirika, na asili yake ni jambo la kawaida kabisa. Duka likitangaza kitabu kwenye gazeti la mji wake, mchapishaji analirudishia sehemu ya gharama, kwa kuwa kitabu kikinunuliwa wote wawili wanakula. Kila mwaka mchapishaji anaangalia duka fulani liliuza vitabu vyake kiasi gani mwaka uliopita, kisha anatenga asilimia chache ya mauzo hayo iwe hela ya kutangazia.

Baadaye yakaja maduka yenye mamia ya matawi, Barnes & Noble na Borders, yaliyotapakaa Marekani nzima miaka ya 1980 na 1990. Hapo zile hela zikahama kutoka kwenye gazeti zikaingia ndani ya duka. Wakubwa waligundua kwamba hakuna tangazo linalokishinda kitabu chenyewe kikikaa mahali pazuri. Basi kila mahali pakapewa bei. Dirishani kuna bei yake. Meza ya mbele ina bei yake. Rundo la sakafuni, ule upande wa mwisho wa rafu unaotazama njia, hata kile kitendo cha kukigeuza kitabu kionyeshe jalada badala ya mgongo, vyote vikaingia kwenye orodha. Na mara nyingi hela haipiti hata mkononi mwa mtu, inakatwa tu kwenye deni ambalo duka linadaiwa na mchapishaji. Safi, kimya kimya, kihasibu.

Hiyo habari ya mgongo usiidharau. Kitabu kilichosimama kwa mgongo katika rafu ya riwaya kinaonyesha upana wa vidole viwili. Anayekitafuta kwa jina la mwandishi atakipata. Asiyekitafuta atapita, macho yake yakikimbilia kule mbele kwenye rangi. Kwa mwandishi ambaye jina lake halijulikani, tofauti kati ya mgongo na jalada ni tofauti kati ya kuwepo na kutokuwepo.

Msomaji wa kawaida wa Marekani alipata kulisikia jambo hili waziwazi Januari 1996, gazeti la New York Times lilipoandika kwamba nafasi za kuonyeshea vitabu kwenye maduka hayo makubwa zinauzwa. Uingereza walichelewa kidogo, lakini ilipofika zamu yao waliletewa na orodha ya bei. Katikati ya mwaka 2007 gazeti la The Times lilieleza kile ambacho kampuni ya Waterstone's (wakati ule bado inaandikwa na ile alama ya juu kabla ya s) iliwataka wachapishaji walipie kwa ajili ya msimu wa Krismasi. Kifurushi cha juu kabisa, cha vitabu sita tu, kilikuwa pauni 45,000 kwa kila kitabu. Daraja la pili, lenye vitabu kama 45, lilikuwa pauni 25,000 kwa kila kimoja kipate nafasi ya kuonekana mbele ya matawi yote. Kuingia kwenye orodha ya vitabu bora vya mwaka vya jalada laini, hadi pauni 7,000. Na wale wa hali ya chini walikuwa na cha kwao: pauni 500 kutajwa kwenye kijitabu cha zawadi, pamoja na maoni ya muuza vitabu.

Piga hesabu mwenyewe. Daraja la kwanza peke yake ni pauni 270,000 kwa vitabu sita. La pili linapita milioni moja. Na hapo hujamlipa mwandishi, hujalipa kiwanda cha uchapaji, hujakodi lori.

Lakini kilichonikera mimi sio zile 45,000. Ni zile 500 za mwisho.

Ngoja nifafanue, maana hapa watu huchanganya mambo. Kuuza nafasi ni biashara halali. Nenda supamaketi yoyote, ya London au ya Nairobi, sabuni iliyopangwa pale ambapo lazima upite haikufika kwa bahati. Mwenye sabuni amelipia, kwa punguzo au kwa namna nyingine. Hakuna aliyedanganywa, kwa sababu sabuni haikuwekewa kibao cha kusema "mfanyakazi wetu ameifulia akaipenda". Inakaa tu pale, inasubiri. Kama duka la vitabu lingepanga meza ya mbele na kuweka kibao cha "Vitabu Vipya", nisingekuwa na la kusema. Ni duka lao, meza yao, kodi wanalipa wao.

Tatizo linaanza pale duka linapofungua mdomo. "Tunapendekeza." "Bora vya mwaka." "Maoni ya muuza vitabu wetu." Hayo ni maneno ya mtu kumwambia mtu mwingine anachokiamini. Ukishayauza maneno hayo kwa aliyetajwa, kilichouzwa sio tena futi mbili za mbao. Umeuza neno lako, na anayelipia bila kujua ni yule uliyempa.

Sisi waandishi wa habari wa huku kwetu tuna jina letu kwa jambo hili, tunaliita bahasha. Kampuni inazindua bidhaa, mnaitwa hotelini, mnakula, mkitoka mnapewa "nauli". Nauli ya daladala haijawahi kufika kiwango kile hata ungeenda na kurudi mara ishirini. Kesho yake habari inatoka, bidhaa imesifiwa. Ukimuuliza mwenzangu, atakuapia kwamba angeandika vilevile hata bila bahasha. Inawezekana kabisa. Lakini msomaji wake hana njia ya kulijua hilo, na haki ya kujua ilikuwa ya msomaji. Vijana wa muziki nao wana hadithi zao kuhusu watangazaji wa redio na nyimbo ambazo hazipigwi mpaka mtu "aeleweke". Kwa hiyo nikisoma habari za meza za London sioni jambo geni la wazungu. Naona bahasha iliyotolewa risiti.

Na Wamarekani wenyewe walishalitolea hukumu jambo hili, ila kwa redio. Mwishoni mwa miaka ya 1950 iligundulika kwamba kampuni za kurekodi muziki zilikuwa zinawalipa watangazaji ili nyimbo zao zipigwe. Alan Freed, mmoja wa watangazaji maarufu kuliko wote enzi hizo, alipoteza kazi yake mwaka 1959, na mwaka 1962 akakiri makosa ya hongo ya kibiashara. Mwaka 1960 sheria ya mawasiliano ikarekebishwa. Haikusema redio isipokee hela. Ilisema ukipokea hela ili upige wimbo, watangazie wasikilizaji kwamba umelipwa. Basi, ni hilo tu. Anayesikiliza aambiwe.

Vitabu havikupata sheria ya namna hiyo. Sheria iliyokuwa inagusa hela za meza ni ya mwaka 1936, inaitwa Robinson-Patman, na ililenga kitu kingine. Ilitungwa ili wenye maduka madogo wasimezwe na makubwa: muuzaji akitoa hela ya matangazo kwa duka moja, awape na washindani wake kwa uwiano uleule. Chama cha wauza vitabu wa Marekani, chenye maduka mengi madogo ya watu binafsi, kilipigana sana kwa silaha hiyo. Mwaka 1994 kilishitaki wachapishaji watano. Mwaka 1997 Penguin ilikubali kulipa dola milioni 25 kwa sababu ya punguzo lililopendelea baadhi ya wanunuzi. Mwaka 1998 chama kikawashitaki Barnes & Noble na Borders wenyewe, na mwaka 2001 wakamalizana kwa dola milioni 4.7. Nasoma kesi hizo na kuona vita halali kabisa vya wafanyabiashara, nani anakatiwa mkate mkubwa na nani mdogo. Msomaji hayumo. Hakuna jaji aliyeulizwa kama mtu aliyesimama mbele ya kibao cha "Tunapendekeza" anastahili kujua nani analipia kibao.

Turudi kwenye duka. Hela hizi haziishii kuuza kitabu kimoja zaidi ya kingine, zinapanga foleni nzima tangu mwanzo. Mchapishaji hana hela ya kukilipia meza kila kitabu anachotoa. Anachagua. Na anachagua vipi? Mara nyingi anaanza na kile ambacho mwandishi wake amelipwa malipo ya awali makubwa, kwa sababu hela ile lazima irudi. Kitabu kinapewa meza, kinaonekana, kinauzwa, kinaingia kwenye orodha ya vinavyouzwa sana, na kwa sababu kimo kwenye orodha kinastahili meza tena. Wengine wote wanasimama kwa mgongo, na baada ya wiki chache wanarudishwa ghalani. Maana biashara hii tangu miaka ya 1930 ina desturi ya ajabu: duka likishindwa kuuza kitabu, linakirudisha kwa mchapishaji na kurudishiwa hela yake. Kwa hiyo mwenye duka hana uchungu. Meza imelipiwa, na kisipouzwa kinarudi.

Unaweza kuuliza haya yanatuhusu nini sisi. Mfikirie Abdulrazak Gurnah. Mtoto wa Zanzibar, riwaya yake ya Paradise ilifika orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka 1994, na baada ya hapo ameandika nyingine nyingi. Oktoba 2021 anapewa Nobel, na Wamarekani wanakimbilia madukani kumtafuta, hawamkuti. Vitabu vyake vilikuwa adimu, na Afterlives, iliyotoka Uingereza mwaka 2020, haikuwa hata na mchapishaji wa Marekani. Ilitoka kule mwaka 2022, baada ya tuzo. Sisemi kwamba Gurnah alikosa hela ya meza, mambo ya mwandishi kujulikana yana sababu nyingi. Ninachosema ni kwamba zile njia za kumfanya msomaji wa Ohio agongane na kitabu asichokuwa anakitafuta zilikuwa na bei, na bei ile haikutungwa kwa ajili ya mwandishi wa namna yake. Ilibidi kamati ya Stockholm ndiyo imgeuzie jalada.

Sasa kuna mtu mmoja aliyeamua kuikataa hela hiyo, na kisa chake kinanifurahisha, ingawa sio kisa cha malaika.

James Daunt alikuwa mtu wa benki. Mwaka 1990 alifungua duka la vitabu mtaa wa Marylebone, London, likapata sifa. Mwaka 2011 tajiri wa Kirusi, Alexander Mamut, aliinunua Waterstone's kwa pauni milioni 53 na kumweka Daunt aiendeshe. Kampuni ilikuwa hoi. Mwaka huohuo, ng'ambo ya bahari, Borders ilifilisika na kufunga maduka yake yote. Na katika hali hiyo ya kuomba maji, Daunt akawaambia wachapishaji kwamba hahitaji tena hela zao za meza. Hela zenyewe zilikuwa kama pauni milioni 27 kwa mwaka. Wenzake walimwona ana wazimu. Ndugu yangu, duka linazama halafu wewe unatupa milioni 27 baharini?

Hoja yake ilikuwa ya kimuuzaji zaidi kuliko ya kimaadili, na mimi naiona ina akili. Mchapishaji akishalipia meza, meza ile lazima iwe hivyohivyo kila mji. Duka la mji wa bandari, duka la mji wa chuo kikuu, duka la kitongoji cha wazee waliostaafu, yote yanaonyesha vitabu vilevile, vilivyochaguliwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga pale. Vingi havinunuliwi. Vinapakiwa kwenye maboksi na kurudishwa. Daunt aliwaachia mameneja wa matawi wachague wenyewe vya kuweka mbele, na vitabu vinavyorudishwa kwa wachapishaji vikashuka kutoka karibu asilimia 20 hadi karibu asilimia 4. Mwaka 2016 kampuni ikatangaza faida baada ya miaka ya hasara. Mwaka 2019 mfuko wa Elliott, ambao ulikuwa umeshainunua Waterstones, ukainunua na Barnes & Noble kwa dola milioni 683 pamoja na madeni yake, na Daunt akapelekwa huko akafanye yaleyale. Ile kampuni iliyokuwa mfano wa kuuza meza ikaacha kuuza meza. Na badala ya kufunga maduka kila mwaka, ikaanza kufungua mapya.

Sitaki kukudanganya kwamba ni meza peke yake. Kasi ya vitabu vya kielektroniki ilipungua, watu walipunguzwa kazi, madeni yalipangwa upya. Lakini ile hoja kwamba duka la vitabu haliwezi kuishi bila hela ya mchapishaji, hiyo imekufa. Nafasi ya mbele ilikuwa na thamani kwa sababu wateja waliliamini duka. Wao wakauza imani hiyo kipande kipande, kisha wakashangaa mbona wateja wamehamia Amazon.

Sasa niseme na yale ambayo wapenzi wa Daunt hawapendi kuyasema.

La kwanza, hela ikitoka, ladha ya mtu inaingia, na ladha nayo ni mlango wenye bawabu. Mwaka 2022 waandishi wengi wa Marekani, hasa wanaoandikia watoto na wale wa kitabu cha kwanza, walilalamika hadharani kwamba Barnes & Noble imeanza kuagiza vitabu vichache sana vya jalada gumu, na kwamba wanaoachwa nje ni wapya na wasio na majina. Kampuni ilijitetea kwamba inachagua kwa makini zaidi. Kwa mwandishi aliyeachwa nje hiyo haimsaidii kitu. Zamani angalau mchapishaji wake angeweza kulipa akaingia. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, siwezi kuikanyaga. Ila tukumbuke kwamba ni wachache sana kati ya hao wasio na majina waliowahi kulipiwa. Mlango wa hela haukuwa wazi kwa maskini.

La pili ni zito zaidi kwangu. Kama unachouza sasa ni uamuzi wa mfanyakazi wa duka, yule kijana anayesoma usiku na kuandika kwa mkono kile kikadi kinachowekwa chini ya kitabu, basi yeye ndiye mtaji wako. Unamlipa shilingi ngapi? Mwaka 2019 wafanyakazi wa Waterstones walipeleka ombi lililosainiwa na maelfu ya watu, wakitaka walipwe ujira unaomwezesha mtu kuishi. Zaidi ya waandishi 1,300 waliwaunga mkono. Daunt alisema madai yao anayaelewa lakini kampuni bado haina uwezo. Jamani. Milioni 27 mliweza kuzikataa kwa sababu maoni ya watu hawa yana thamani kuliko hela ya mchapishaji. Halafu wao wenyewe wakiuliza thamani yao, hakuna kitu kwenye droo. Nami naona kwamba mtu anayelipwa vibaya ndiye rahisi kuliko wote kupewa bahasha. Hilo silisemi kwa kukisia, nimelipwa mshahara wa mwandishi wa habari chipukizi, najua hesabu za tarehe ishirini zinavyokuwa.

Huku kwetu hatujafika kwenye meza za pauni 45,000, na maduka yetu mengi yanaishi kwa vitabu vya shule. Riwaya inakaa pembeni, na mwandishi anaipeleka mwenyewe kwenye begi, mali kauli, anarudi baada ya miezi mitatu kuuliza kama imenunuliwa hata moja. Lakini dalili zipo. Sasa hivi kuna kurasa za Instagram zenye "kitabu cha wiki" na vijana wenye wafuasi wengi wanaosifia vitabu. Ni jambo zuri mno, nawapenda. Ila swali la nani amelipa litafika hapa kabla ya meza yenyewe kufika.

Na hapo pana kichekesho. Marekani leo, binti anayesifia riwaya kwenye TikTok akiwa amelipwa na mchapishaji anatakiwa na tume ya biashara aseme wazi kwamba amelipwa. Asiposema yuko matatani. Maduka nayo, yakiona kitabu kimevuma huko, yanakiwekea meza yake yenye kibao cha "BookTok". Kwa hiyo katika nchi hiyohiyo, kitabu hichohicho, msichana wa chumbani kwake mwenye simu ameshurutishwa kusema ukweli, na duka linalopokea hela ya mchapishaji ili likiweke mbele linaruhusiwa kunyamaza.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo. Sidai meza zote zipangwe bure. Maduka mengine, hasa madogo, huenda hela hizo ndizo zinazowalipia kodi, na sina moyo wa kumwambia mtu afunge duka ili mimi nijisikie safi. Andika tu. Gazeti likiuza ukurasa linaweka neno "Tangazo" juu yake, hata kama kwa herufi za sisimizi. Weka kibao: "Nafasi hii imelipiwa na mchapishaji." Meza ambayo haikulipiwa iwe na kibao chake, na jina la kwanza la aliyechagua. Mnunuzi atajua asimame wapi.

Watasema haiwezekani, itaua mauzo, wateja watakimbia. Februari 1999 New York Times iliandika kwamba Amazon nayo inachukua hela za wachapishaji, hadi dola 10,000 kwa kifurushi, ili vitabu vyao viwekwe mahali pazuri kwenye kurasa zake na kusifiwa. Wateja waliwaka. Ndani ya siku chache kampuni ilitangaza kwamba itawaonyesha wateja ni vitabu gani vimelipiwa, na kwamba mtu aliyenunua kitabu kwa sababu Amazon ilikipendekeza anaweza kukirudisha na kupewa hela yake yote. Utaratibu ulianza Machi mwaka huohuo. Na Amazon, kama mnavyoona, haikufa.